Je, wajua kwa nini umati humzunguka majeruhi bila kumgusa?

Bodaboda ikigongwa pale Kondele, Kisumu, dakika mbili hazipiti kabla watu hawajajaa. Wauza mitumba wanaacha vibanda, makanga wanachungulia kutoka mlangoni, simu ziko juu zinarekodi. Majeruhi yuko chini, damu inamtoka mguuni, na hakuna anayeinama. Wengi husema: watu wa mjini hawana utu.

Imani hiyo ilipata nguvu kutoka New York. Tarehe 13 Machi 1964, Kitty Genovese, mwanamke wa miaka 28, aliuawa kwa kisu karibu na nyumba yake, Kew Gardens. Gazeti la New York Times liliandika kwamba majirani 38 walitazama wasipige simu polisi. Habari hiyo ikaingia hadi vitabu vya masomo, na bado inasimuliwa. Lakini wengi wa majirani walisikia kelele tu, hawakuona kitu, na shambulio la mwisho lilitokea ndani ya jengo. Mmoja alimfokea muuaji kutoka dirishani, naye akakimbia kwa muda. Mwanamke mwingine alishuka usiku uleule akampakata Kitty hadi msaada ulipofika. Mwaka 2016 gazeti lenyewe lilikiri kasoro za taarifa yake.

Hata hivyo, kisa hicho kiliwasukuma wanasaikolojia John Darley na Bibb Latané kufanya jaribio lililochapishwa 1968. Wanafunzi walisikia kwenye spika sauti ya mwenzao akishikwa na kifafa. Kati ya walioamini wanasikia peke yao, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla sauti haijakatika. Walioamini kuna wengine wanne wanaosikia, ni asilimia 31 tu. Na waliobaki hawakuwa na roho ngumu: wengi walikutwa mikono inatetemeka, viganja vimelowa jasho.

Fikiria maziwa jikoni siku ya sherehe. Mama akiwa peke yake, macho hayatoki kwenye sufuria. Wakiwa wanane, kila mmoja anajua kuna mwenzake anayeyaangalia. Akishtuka, anatazama nyuso za wengine, anaziona zimetulia, naye anatulia. Wote wanafanya hivyo kwa wakati mmoja, na maziwa yanafurika.

Nje ya maabara picha inabadilika, na inatia moyo. Utafiti wa 2019 ulichunguza ugomvi 219 ulionaswa na kamera za barabarani Amsterdam, Lancaster na Cape Town. Katika visa tisa kati ya kumi, angalau mtu mmoja aliingilia kati, na watu walipokuwa wengi uwezekano uliongezeka. Huo ulikuwa ugomvi, si ajali, kwa hiyo matokeo yasibebwe mazima hadi Kondele.

Hata hivyo, katika umati ni rahisi kila mmoja kumwachia mwenzake kazi. Ndiyo maana wakufunzi wa huduma ya kwanza hukataza kupaza sauti kwa umati mzima, "Jamani, saidieni!" Mnyooshee mtu mmoja kidole: "Wewe kaka wa jaketi ya kijani, piga 999 sasa hivi." Hapo hana tena wa kumwachia kazi.