Akapela: maana yake katika nyimbo za kidunia za Ufaransa ya kale

Akapela ni neno la kanisani. Kwa Kiitaliano, a cappella ni "kwa mtindo wa kanisa dogo", yaani walivyoimba waimbaji wa Papa kule Roma, bila kinanda. Kwenye kwaya zetu maana yake ni nyepesi: vyombo vinyamaze, sauti zibebe wimbo zenyewe. Ndiyo maana inachekesha kidogo neno hilo linapobandikwa kwenye nyimbo za Ufaransa za karne ya 12 hadi ya 14 ambazo hazina hata harufu ya ubani. Hizi ndizo ambazo wazee wa kanisa wangeziita nyimbo za kidunia: mwanamume anakonda kwa ajili ya mke wa mtu mwenye cheo, msichana anamlaani mumewe mzee, mpanda farasi anamtongoza mchunga kondoo kando ya njia na mara nyingine anafukuzwa. Waliozitunga hawakujiita waimbaji wa akapela. Jina hilo tumewapa sisi.

Za mwanzo zilikuwa za sauti moja tu. Kusini walikuwapo watrubaduri, waliotunga kwa Kioksitani; kaskazini watruveri, kwa Kifaransa cha kale. Majina yote mawili yanahusishwa na kitenzi cha kupata au kugundua: mtunzi ni mtu aliyeupata wimbo. Wala hawakuwa wote watu wa kupitisha kofia barabarani. Thibaut wa Champagne, aliyefariki mwaka 1253, alikuwa mfalme wa Navarre. Mwanamke mmoja, Bibi wa Dia, ametuachia wimbo wa kumlalamikia mpenzi aliyemdharau, nao ndio pekee wa mtrubaduri mwanamke uliobaki pamoja na nota zake.

Maneno "pamoja na nota zake" yasipite hivihivi. Mashairi ya watrubaduri yaliyobaki ni kama 2,500, lakini yenye nota ni kama 250 tu. Na hizo nota, kwa sehemu kubwa, zinaonyesha sauti ipande au ishuke wapi, hazisemi idumu muda gani. Ukitia ngoma chini ya wimbo wa namna hiyo, umelazimika kuchagua mapigo, na ukishachagua, maneno yatafuata ngoma yakitaka yasitake. Mwimbaji aliye peke yake hana deni hilo. Anavuta silabi inayostahili kuvutwa, anapumua penye kina, anaharakisha penye hasira. Mtu aliyewahi kusikia shairi likighaniwa vizuri hahitaji kuelezwa zaidi. Kwangu mimi hapo ndipo uzuri wa nyimbo hizi unapoanzia, na mara nyingi rekodi zenye filimbi na matari mengi hunichosha kabla ya ubeti wa pili.

Baadaye sauti ziliongezeka. Adam de la Halle, mtu wa Arras, alitunga mwishoni mwa karne ya 13 nyimbo fupifupi za sauti tatu ambamo wote watatu hutamka maneno yale yale kwa wakati mmoja. Hizo hazina ugomvi kama sauti zake ziimbwe au zipigwe kwa ala. Ugomvi ulikuja na kizazi cha Guillaume de Machaut, mshairi na mtunzi aliyezaliwa karibu na mwaka 1300, akawa karani wa mfalme wa Bohemia, akafa mwaka 1377 akiwa na cheo katika kanisa kuu la Reims. Fungua wimbo wake wa mapenzi wa sauti tatu: sauti ya juu ina maneno yote, mbili za chini, mojawapo ikiitwa tenori, hazina hata neno. Nota tupu.

(Mwanakwaya wa leo angalie asipotee hapa. Tenori ya Machaut siyo ile sauti ya wanaume wanaopanda juu. Neno lenyewe linatokana na Kilatini cha "kushika", na tenori ndiyo nguzo: inashika wimbo, wengine wanazunguka juu yake.)

Kwa miaka mingi wataalamu wa karne ya 20 waliliona jibu kuwa rahisi: pasipo maneno pana ala. Kwa hiyo rekodi za miaka ya 1970 zilikuwa karamu ya vyombo, mwimbaji mmoja juu, chini yake zeze, filimbi na zumari. Mwaka 1977 Mwingereza Christopher Page akachapisha makala ya kupinga. Shahidi wake alikuwa Eustache Deschamps, mshairi wa kizazi kilichomfuata Machaut, aliyeandika mwaka 1392 kwamba wimbo unaweza kuimbwa kwa sauti na kwa ufundi bila maneno. Kama ni hivyo, mistari ile mitupu inaweza kuwa ya midomo vilevile. Miaka michache baadaye Page aliunda kundi la Gothic Voices akaijaribu hoja hiyo kwa masikio: mmoja anatamka shairi, wenzake chini yake wanaimba irabu tu. Irabu waliyoipendelea ni ile ya Kifaransa ambayo sisi hatuna. Weka midomo kama unasema "u", kisha ulimi useme "i", utaipata.

Si wote waliokubali, na wana haki. Machaut mwenyewe, katika barua iliyomo ndani ya kitabu chake cha uzeeni, anasema wimbo wake mmoja wafaa kupigwa hata kwa ogani au kwa zumari ya mfuko. Basi akapela ni namna mojawapo ya kuziimba nyimbo hizi, yenye hoja nzuri nyuma yake. Amri haipo.

Kinachopatikana kwa sauti tupu ni kwamba zote tatu ni za ukoo mmoja, kwa hiyo unasikia zinavyoungana. Chukua rondo. Ni shairi la mistari 8 ambalo kibwagizo hakisubiri mwisho: mstari wa 1 unarudi ukiwa wa 4 na wa 7, wa 2 unarudi ukiwa wa 8. Rondo ya Machaut inayojulikana kuliko zote inaanza "mwisho wangu ni mwanzo wangu", na muziki unatii. Sauti moja inaimba nota za mwenzake kinyumenyume, kutoka mwisho kuja mwanzo, huku ya tatu ikifika katikati na kugeuka kurudi ilikotoka. Wimbo wenyewe ndio unaosema, kwa nafsi ya kwanza, kama mtu anayejieleza: sauti yangu ya tatu inarudi nyuma mara tatu tu, ndipo namaliza. Sidhani kuna sikio linalofuatilia yote hayo, langu haliwezi. Lakini zikiimbwa na watu watatu wa sauti zinazofanana, unahisi kitu kinakunjuka na kukunjwa.

Na kuna vile mistari inavyofungwa. Enzi ile "so" juu ya "do" ilipimwa 3 kwa 2 kamili, yaani so itetemeke mara 3 kila do itetemekapo mara 2, safi kabisa, na watu wanaweza kuilenga kwa koo pasipo kusumbuliwa na chombo kilichofungwa nyuzi zake kwa namna nyingine. Lakini "mi" ilipimwa juu kidogo kuliko tunavyoipenda leo, 81 kwa 64 badala ya 80 kwa 64, kwa hiyo ilikuwa sauti isiyotulia, yenye kudai kusogea mbele. Kama mnajua solfa, tafuteni wenzenu wawili mjaribu. Wa chini ashike re, wa kati fe (fa iliyopandishwa nusu hatua), wa juu ti. Kaeni hapo hadi iwakere. Halafu, bila kuhesabu, wa chini ashuke kwenye do, wa kati apande nusu hatua kwenye so, wa juu apande nusu hatua kwenye do. Mwanakwaya yeyote wa leo atatamani kuongeza mi katikati ili ijae. Muacheni atamani.