Umbali wa flenji si urefu wa fokasi

Umbali wa flenji ni nafasi iliyopo kati ya uso wa chuma ambao lenzi hufungwa juu yake, yaani flenji ya kamera, na sensa au filamu inayopokea taswira. Kila mfumo wa kufungia lenzi una kipimo chake kisichobadilika, kwa milimita: Nikon F ni milimita 46.5, M42 ni 45.46, Canon FD ni 42, ilhali Sony E ni 18 tu na Nikon Z ni 16. Kamera za zamani zenye kioo cha kuakisi zilihitaji nafasi kubwa ili kioo hicho kipate pa kuinukia. Kioo kilipoondolewa kamera mpya zikafupishwa, na tofauti hiyo ya nafasi ndimo inamokaa adapta, yaani kiungo cha kufungia lenzi ya mfumo mmoja kwenye kamera ya mfumo mwingine.

Linalokera ni kukisikia kipimo hiki kikichanganywa kila mara na urefu wa fokasi, yaani ile namba ya lenzi inayoonyesha inavuta picha karibu kiasi gani, eti kwa kuwa vyote viwili huandikwa kwa milimita. Mtu hueleza kwa uhakika kabisa kwamba adapta yenye unene wa milimita 27 huigeuza lenzi ya 50 kuwa ya 77. La hasha. Urefu wa fokasi ni sifa ya lenzi yenyewe na hauongezeki kwa kuisogeza mbele. Adapta ya kawaida ni bomba tupu la chuma, na kazi yake ni kuirudisha lenzi kwenye umbali ule ule iliotengenezewa. Lenzi ya M42 ikifungwa kwenye Sony E hudai 45.46 kutoa 18, yaani milimita 27.46, basi. Sensa ikiwa ndogo kuliko fremu ya filamu, picha itaonekana kama imevutwa karibu, lakini hilo ni la sensa na adapta haihusiki. Jina la M42 nalo huzidisha mkanganyiko, kwa sababu 42 yake ni kipenyo cha skrubu, wakati 42 ya Canon FD ni umbali wa flenji wenyewe.

Kosa dogo la unene huonekana mara moja. Adapta ikizidi kwa milimita 0.1 tu, lenzi ya 50 ambayo pete yake ya fokasi imezungushwa hadi alama ya ukomo, yaani ya vitu vilivyo mbali kabisa, haitaona kwa ukali zaidi ya mita 25 hivi, na ikizidi kwa milimita 1 itaishia kwenye mita mbili na nusu. Milima itabaki na ukungu hata uzungushe pete namna gani. Ndiyo maana watengenezaji wengi huzifanya adapta ziwe fupi kidogo, na mlima ukawa mkali kabla pete haijafika mwisho. Lenzi haina kasoro hapo, ila namba za umbali zilizoandikwa juu yake hazitegemewi tena.

Zipo adapta zinazobadilisha urefu wa fokasi kwelikweli. Canon FD kwenye Canon EF, ambayo ni milimita 44, haina nafasi ya bomba lolote, hivyo adapta yake huwekewa vipande vya lenzi ili ukomo ufikiwe, navyo huurefusha urefu wa fokasi kidogo. Kwa hiyo kabla ya kusema kwamba adapta imeibadilisha lenzi, inafaa kuchungulia ndani yake: ikiwa tupu, milimita 50 zilizoandikwa mbele ya lenzi bado ni 50.