Sukari ya damu na milango ya kiini cha seli: maswali na majibu

Protini huingiaje kwenye kiini cha seli?
Utando wa kiini una vitundu vingi, na kila kitundu kimejengwa kwa aina zipatazo 30 za protini. Molekuli ndogo hujipenyeza zenyewe. Protini inayozidi kilodaltoni 40 hivi (kipimo cha uzito wa molekuli) hukwama mpaka ibebwe na protini bebaji: impotini huiingiza, eksipotini huitoa.

Sukari inahusikaje?
Tazama ini. Glukosi, yaani sukari ya damu, ikiwa chini, kimeng'enya cha glukokinesi, kinachoanza kuichakata, hushikiliwa ndani ya kiini na protini mlinzi. Glukosi ikipanda baada ya kula, mlinzi hukiachia, nacho hutoka kufanya kazi. Protini nyingine, ChREBP, huenda kinyume: glukosi ikizidi, huingia kiinini na kuwasha jeni za kutengeneza mafuta.

Mbona mwenye kisukari aina ya 2 huamka na sukari ya juu, na usiku kucha hajala?
Swali hili huwasumbua wengi, hata wakajilaumu bure. Sehemu kubwa ya jibu ni protini iitwayo FOXO1. Ikiwa kiinini, huliamuru ini kutengeneza glukosi. Insulini ikifika, kimeng'enya cha Akt huibandika fosfeti, nayo hutolewa nje na jeni zile huzimika. Ini likiwa sugu kwa insulini, fosfeti haibandikwi ya kutosha. FOXO1 hubaki ndani, na ini huendelea kumwaga glukosi kwenye damu hadi alfajiri. Ndiyo maana kuruka chakula cha jioni si tiba. Kwa anayetumia insulini au glibenklamidi (dawa ya kushusha sukari) ni hatari, maana sukari inaweza kushuka mno. Dawa ya metformini husaidia kwa kupunguza glukosi inayotengenezwa na ini.

Je, sukari hugusa vitundu vyenyewe?
Ndiyo. Sehemu ndogo ya glukosi hugeuzwa kuwa asetiliglukosamini, na kimeng'enya cha OGT huibandika kwenye protini za vitundu na nyingine nyingi. Kingine, OGA, huibandua. Kubandikwa huko si sawa na HbA1c, ile inayopimwa kwenye damu kutambua kisukari. Katika HbA1c glukosi hujishikiza yenyewe kwenye hemoglobini, protini ya chembe nyekundu za damu, bila kimeng'enya, na hubaki hapo mpaka chembe nyekundu ife, baada ya siku 120 hivi.

Nipime nini?
Sukari ya asubuhi, baada ya kufunga saa 8 au zaidi (maji yanaruhusiwa). Kuanzia 7.0 mmol/L, au HbA1c ya 6.5% na zaidi, ni kiwango cha kisukari. Kama huna dalili, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla ya kuthibitisha.