Kugusa na kupaa tena: kwa nini marubani hurudia kutua

Kuna mazoezi mawili ya marubani ambayo mtu aliye chini huyaona ni kitu kimoja. La kwanza ni kugusa na kuondoka: ndege inatua, matairi yanashika lami, na kabla haijasimama inatiwa nguvu na kupaa tena. La pili ni kughairi kutua: ndege inashuka kama ya kutua kweli, kisha rubani anaacha, anapanda na kuzunguka ili aje upya. La kwanza ni la darasani tu, na hufanywa bila abiria. La pili hufanywa na rubani yeyote, hata mwenye ndege iliyojaa, na ndilo linalozua maneno mjini.

Malindi maneno hayo hayakosi. Kindege cha mwanafunzi kikizunguka juu ya mji asubuhi nzima, hakuna anayeinua kichwa. Lakini ndege ya abiria kutoka Nairobi ikikaribia, ikanguruma na kupanda tena, kabla haijarudi, barazani tayari kuna habari tatu: tairi limekataa kutoka, rubani ni mgeni, kuna mbwa njiani. Hiyo ya tatu huenda ikawa kweli. Zile mbili nyingine mara nyingi ni za kujazia mazungumzo.

Sababu ya kawaida zaidi ni upepo. Ndege hutua ikiuelekea upepo, na njia kuu ya kurukia ya Malindi imelala takriban kaskazini na kusini. Wakati wa kusi upepo huja karibu sawa na njia. Kaskazi yenyewe hutoka kaskazini mashariki, kwa hiyo huipiga ndege ubavuni, na rubani hulazimika kuja pua ikiwa imeelekezwa kidogo upande wa upepo, kisha kuinyoosha sekunde chache kabla ya kugusa. Upepo ukibadilika ghafla katika sekunde hizo, ndege inasogea pembeni mwa mstari wa kati. Nahodha wa mashua anayeingia gati la Manda na mkondo ukamsukuma vibaya haligongi gati kwa kuwa abiria wanatazama; hulipita, akageuza, akaja tena.

Sasa kwa nini jambo hili lirudiwe tena na tena mafunzoni, na siku hizi kuna simuleta, mashine ya ardhini inayoigiza ndege hadi kelele zake? Simuleta ndiyo inayobeba sehemu kubwa ya kazi. Humo mwanafunzi hukatiwa injini moja karibu na ardhi, hutiwa ukungu, hutiwa upepo, na akianguka huanza upya. Lakini zile futi 30 za mwisho ni tatizo. Ndege ya abiria ya injini za jeti, tuseme Boeing 737, huja kwa kasi inayozidi kilomita 240 kwa saa. Rubani anatakiwa ainue pua kidogo, apunguze nguvu, na akisie kwa macho njia inavyomjia, huku hewa iliyobanwa kati ya bawa na ardhi ikibadilisha jinsi ndege inavyoshuka. Akiinua mapema ndege huelea na kuimaliza njia. Akichelewa hubamiza. Ndiyo maana rubani asiye na uzoefu wa kutosha hapewi abiria mpaka atue na ndege yenyewe. Katika mpango wa leseni ya marubani wa ndege zinazohitaji rubani zaidi ya mmoja, kanuni ya kimataifa huanzia kutua mara 12, ingawa mamlaka za nchi huweza kuruhusu pungufu. Na mafunzo yakiisha hesabu haiishi: rubani anayebeba abiria anatakiwa awe amepaa na kutua angalau mara 3 ndani ya siku 90, kwenye ndege au kwenye simuleta iliyoidhinishwa.

Angalia kinachofanyika ndani pale matairi yanapogusa. Mwanafunzi hafanyi mengi, na hilo ni la makusudi. Kazi yake ni kuishikilia ndege katikati ya njia. Mkufunzi aliye kiti cha pili ndiye anayepunguza flapu, vile vipande vya nyuma ya bawa, kutoka hali ya kutua kwenda hali ya kupaa, na kusawazisha mkia upya. Kisha mwanafunzi husogeza nyenzo za nguvu mpaka katikati na kungoja. Injini ya jeti haijibu kama ya gari. Ikiwa imetulia chini kabisa huchukua sekunde kadhaa kuamka, na injini mbili zikiamka kwa nyakati tofauti ndege huvutwa upande mmoja. Zikishalingana, mkufunzi hutoa neno la kwenda, na hapo ndipo nguvu yote huwekwa. Yote haya huku lami inapita chini kwa kasi, ndiyo sababu zoezi hili linataka njia ndefu. Malindi, ambayo njia yake kuu haifiki kilomita moja na nusu, si mahali pa kulifanyia jeti kubwa. Wajapani walijenga uwanja mzima wa mafunzo kwenye kisiwa cha Shimoji, wenye njia ya mita 3,000 iliyozungukwa na bahari, na shirika lao la Japan Airlines kwa miongo kadhaa lilipeleka marubani Moses Lake, Marekani, mahali penye lami nyingi na majirani wachache.

Mtu atauliza: si wasimame tu, wageuze, wapae upya? Wanaweza, na wengine hufanya hivyo. Ila kusimamisha ndege mara kwa mara huchemsha breki mpaka zihitaji kupozwa, na kila dakika ya kutambaa chini ni mafuta. Ndege ya ukubwa wa 737 hula tani mbili na zaidi kwa saa. Kwa kugusa na kuondoka mwanafunzi hupanda hadi kama futi 1,500, akazunguka, na baada ya dakika chache yuko tena mbele ya njia, mkono ukiwa bado unakumbuka kosa la mara iliyopita.

Kughairi kutua ni jambo jingine. Hapa kinachofundishwa zaidi ni uamuzi, na kwa maoni yangu hili ndilo somo gumu kuliko kutua kwenyewe. Mashirika mengi yana mpaka: ndege ikifika futi 1,000 juu ya uwanja, au 500 hali ya hewa ikiwa safi, lazima iwe imetulia. Kasi iwe sawa, magurudumu yawe nje, mteremko uwe sawa. Kama sivyo, panda. Inaonekana rahisi, lakini utafiti uliotolewa na Flight Safety Foundation, taasisi ya usalama wa ndege, ulionyesha kwamba katika safari ambazo ndege haijatulia hivyo, ni kama asilimia 3 tu ya marubani hughairi. Waliobaki huendelea, na mara nyingi hufika salama, jambo linalowafundisha vibaya.

Mangalore, India, tarehe 22 Mei 2010, haikuwa hivyo. Ndege ya Air India Express ilikuja ikiwa juu mno, rubani msaidizi akataka waghairi, nahodha akaendelea. Wakagusa mbali sana. Nahodha akageuza msukumo wa injini ili kuvunja mwendo, kisha akabadili nia akajaribu kupaa. Watu 158 walikufa. Kuna kanuni ambayo kila mkufunzi huirudia: ukishageuza msukumo, umeamua kusimama, hakuna kupaa tena. Ndiyo maana kwenye zoezi la kugusa na kuondoka msukumo huo hauguswi kabisa.

Dubai, tarehe 3 Agosti 2016, kosa lilikuwa jingine. Boeing 777 ya Emirates iligusa, marubani wakaghairi na kubonyeza kitufe cha nguvu ya kupaa kama walivyozoea kufanya wakiwa angani. Kitufe hicho kimeundwa kisifanye kazi baada ya matairi kugusa. Injini zikabaki kwenye nguvu ya chini kabisa, magurudumu yakakunjwa, ndege ikarudi chini kwa tumbo. Abiria na wafanyakazi wote 300 walitoka hai, lakini mzimamoto mmoja alifariki. Tofauti ya kughairi kabla ya kugusa na baada ya kugusa ni mita chache, lakini mikono inatakiwa ifanye mambo tofauti.

Usiku baharini huongeza la kwake. Nguvu ikiwekwa ghafla mwili husukumwa nyuma kwenye kiti, na sikio la ndani hutafsiri kwamba pua imeinuka kupita kiasi. Mbele hakuna taa, ni giza la maji tu, basi rubani asiyetazama vipimo husukuma pua chini. Gulf Air ilipoteza Airbus yenye watu 143 kwa namna hiyo karibu na Bahrain tarehe 23 Agosti 2000. Dawa yake ni kurudia zoezi mpaka macho yaende kwenye vipimo yenyewe.

Kwa abiria wa Lamu au Malindi, kinachosikika ni mngurumo, kubanwa kwenye kiti, kisha kimya cha dakika kadhaa bila tangazo. Marubani hawajawasahau: kwanza wanairusha ndege, halafu wanaielekeza, halafu wanaongea na mnara wa kuongoza ndege, na abiria ni wa mwisho kwenye foleni hiyo. Mafuta ya kuzunguka yapo, na ya kwenda uwanja mwingine, kama vile Mombasa, yapo pia, pamoja na akiba ya dakika 30 juu yake. Wakijaribu mara mbili ikashindikana, wengi hawajaribu ya tatu, na mwenye kukungoja gatini itabidi umpigie simu kutoka Mombasa.