Mshahara wa kea Uingereza: mwajiri ni kampuni, pochi ni ya halmashauri

Kila Aprili kima cha chini cha mshahara kinapopanda Uingereza, mabishano yale yale hurudi miongoni mwa Wakenya na Watanzania wanaofanya kazi ya kea, yaani kupita nyumba hadi nyumba kuwaogesha wazee, kuwapa dawa na kuwaandalia chai. Huyu anasema serikali inalipa vizuri ila mabosi wanakula. Yule anasema kazi ni ya NHS, yaani huduma ya afya ya taifa, tatizo ni wakala. Wachache huitaja halmashauri, na huko ndiko bei inakopangwa. Nitazungumzia hasa England, maana Scotland na Wales zina utaratibu wao.

"Kazi hii inalipwa na NHS"

Mara nyingi hapana. Wapo wagonjwa wenye mahitaji makubwa ya kiafya ambao NHS huwagharimia matunzo ya nyumbani, lakini ni wachache. Kuogeshwa, kuvishwa na kulishwa ni jambo la halmashauri, chini ya Sheria ya Matunzo ya mwaka 2014, na halmashauri hupima kwanza mfuko wa mzee. Mwenye akiba inayozidi pauni 23,250 hujilipia mwenyewe, ingawa nyumba yake haihesabiwi maadamu anahudumiwa humo humo. Kiwango hicho hakijaguswa tangu 2010.

Tena halmashauri nyingi hazina wahudumu wao. Tangu mageuzi ya miaka ya 1990 kazi hiyo ilisukumwa kwa kampuni binafsi. Halmashauri inatangaza zabuni, inanunua huduma kwa saa, na kampuni inaajiri. Kwa hiyo jina lililo kwenye hati yako ya mshahara ni la kampuni, lakini sehemu kubwa ya mshahara wenyewe iliamuliwa siku zabuni iliposainiwa.

"Kampuni inalipwa pauni ishirini na kitu kwa saa, mimi napata kumi na mbili. Nyingine zimeliwa"

Hili ndilo linalochemsha damu kuliko yote, na lina ukweli nusu. Tupige hesabu. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21. Tuseme kila saa ya huduma ina dakika 12 za kusafiri hadi kwa mzee anayefuata: tayari tuko pauni 14.65. Likizo ya kisheria ni wiki 5.6 kwa mwaka, ambayo inaongeza kama asilimia 12, tunafika pauni 16.40 hivi. Mchango wa mwajiri wa bima ya taifa ulipanda Aprili hiyo hiyo kutoka asilimia 13.8 hadi 15, na kampuni ikaanza kuulipa mshahara unapozidi pauni 5,000 kwa mwaka badala ya 9,100. Weka na pensheni, unavuka pauni 18. Hapo hujalipia mafuta ya gari, mafunzo, glovu, siku za ugonjwa, wala yule anayepanga zamu na kupokea simu saa kumi na moja alfajiri.

Chama cha kampuni hizi, Homecare Association, kilikadiria kwamba mwaka 2025/26 halmashauri za England zilipaswa kulipa angalau pauni 32.14 kwa saa. Ni hesabu ya wenye kampuni, basi isome ukijua nani kaiandika. Hata hivyo, halmashauri inayolipa pauni 22 kwa saa moja haiwezi kudai kwamba haijui nani atabanwa. Ikiwa yako inalipa 30 na wewe uko kwenye kima cha chini bila hata posho ya mafuta, hapo sasa una haki ya kumkazia bosi macho.

"Njiani siko kazini"

Uko kazini. Safari ya kutoka kwa mzee mmoja kwenda kwa mwingine inahesabiwa kwenye kima cha chini cha mshahara. Isiyohesabiwa ni ile ya kutoka kwako asubuhi na ya kurudi jioni.

Shida ni kwamba halmashauri nyingi hununua dakika zile tu za mlangoni: unabonyeza simu ukiingia, unabonyeza ukitoka. Kampuni nayo inakuandikia kiwango kinachovutia, tuseme pauni 13 kwa saa ya huduma. Umehudumia saa saba, umepata pauni 91. Lakini juu ya hizo ulisafiri saa moja na nusu kutoka mzee hadi mzee. Gawanya 91 kwa 8.5: ni pauni 10.70 hivi, chini ya sheria. Hakuna aliyekudanganya kwa maneno, ila umepunjwa. (Ziara za dakika 15 huzidisha hili, maana safari zinaongezeka huku saa za kulipwa zikibaki zile zile.)

Mwaka 2020 baraza la kazi la London liliwapa ushindi wahudumu kumi waliokuwa chini ya zabuni ya halmashauri ya Haringey. Liliamua kwamba muda wa safari na wa kusubiri kati ya ziara ulipaswa kulipwa, na malimbikizo yao kwa jumla yalizidi pauni 100,000. Kesi ile ilisukumwa na chama cha wafanyakazi, UNISON. Ambaye hajajiunga na chama chochote kwa kuogopa kuonekana mkorofi, afikirie tena.

"Kodi ya halmashauri imepanda, basi na sisi tutapanda"

Tangu 2016 halmashauri zinaruhusiwa kuongeza asilimia fulani kwenye kodi hiyo ya makazi kwa ajili ya matunzo ya watu wazima. Fedha hiyo hainyooki kwenda kwenye mshahara. Inaingia kwenye fungu zima: makao ya wazee, walemavu, maofisa ustawi wa jamii. Na hailingani, kwa kuwa asilimia moja kwenye mtaa wa majumba ya bei huleta fedha nyingi kuliko asilimia hiyo hiyo kwenye mji wa viwanda vilivyofungwa, ambako ndiko wazee wasio na akiba wamejaa.

"Halmashauri ni zile zile"

Si kweli. Southwark na Islington, za London, zilikuwa miongoni mwa za kwanza kutia saini mkataba wa maadili ulioandaliwa na UNISON mwaka 2012, unaotaka safari zilipwe na ziara za dakika 15 zikome. Scotland, serikali yake iligharimia mshahara wa kea usiopungua pauni 12.60 kwa saa kuanzia Aprili 2025.

"Mwenye viza ya kazi hana cha kudai"

Kima cha chini ni chako hata kama kampuni ndiyo iliyokudhamini viza. Mlango wa kuajiri kea wapya kutoka nje ulifungwa tarehe 22 Julai 2025, lakini waliomo bado wamo. Kampuni ikinyang'anywa leseni, kwa kawaida mtu hupewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine, na mwaka 2025/26 vikundi vya halmashauri vya kanda vilipewa fedha za serikali kuu kuwasaidia watu hao kupata mwajiri mpya. Wengi hawakujua kwamba msaada huo ulikuwepo, na haukutozwa ada.

Serikali imeahidi pauni milioni 500 kwa ajili ya makubaliano ya mishahara ya sekta nzima, yanayotarajiwa kuanza 2028. Mpaka hapo, kiwango ambacho halmashauri yako inalipa kwa saa unaweza kukipata kwa barua pepe moja tu: sheria ya uhuru wa habari inaipa siku 20 za kazi kukujibu, uwe raia au usiwe.