Alaimenti haiondoi mtetemo, jamani

"Fundi, gari ikifika mia inatetemeka, nifanyie alaimenti." Sentensi hii inaingia gereji za Mtwara mara nyingi kuliko vumbi.

Alaimenti ni pembe: matairi yanatazama wapi na yamelala kiasi gani. Pembe zikiharibika, gari linavuta upande, usukani unakaa kombo, tairi linaliwa bega moja. Halitetemeki. Kinachotetemesha gari ni kitu kinachozunguka huku kimeelemewa upande mmoja, au ambacho si duara.

Tairi la 195/65 R15 kwenye kilomita 100 kwa saa linazunguka kama mara 14 kwa sekunde. Gramu 30 zilizozidi kwenye ukingo wa rimu zinavuta kwa nguvu ya takriban kilo 5, na mvuto huo unazunguka nalo, mara 14 kila sekunde. Shuka hadi 50, nguvu inabaki robo. Ndiyo maana mjini gari limetulia kama maji ya mtungi, ukishaipita Mikindani na kufungua mafuta kuelekea Mingoyo usukani unaanza kucheza ngoma.

Kabla ya kugusa spana, uliza linatetemeka wakati gani. Ukikanyaga breki tu: diski. Ukikanyaga mafuta, na ukiachia linatulia: jointi ya ndani ya shafti inayozungusha tairi, au propela (bomba refu linalopeleka nguvu nyuma) na krosi zake, yaani viungo vyake, kama gari linasukuma nyuma. Propela inazunguka karibu mara nne ya tairi, kwa hiyo mtetemo wake unavuma zaidi kuliko kutikisa. Ukiwa kati ya 80 na 120 bila kujali mafuta wala breki: matairi na rimu.

Vitabu vinasema usukani ukicheza ni matairi ya mbele, kiti kikicheza ni ya nyuma. Siiamini sana kanuni hiyo, hasa kwa magari yenye chesisi, ambayo hupeleka mtetemo popote yanapotaka. Kipimo kisichodanganya ni jeki: ya mbele yapeleke nyuma, ya nyuma yalete mbele, upande uleule, kisha rudi barabarani, mahali pasipo kibao cha 50 wala trafiki mwenye tochi. Mtetemo ukihama na matairi, umeupata. Ukibaki palepale, yaache matairi, kamata habu (kitovu ambacho rimu inafungwa juu yake), beringi na diski.

Upepo uwe ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Kubalansi ni kubandika vipande vya uzito kwenye rimu mpaka pande zote zilingane; tairi lenye kivimbe halibalansiwi, linatupwa. Na kwa anayetoka Newala au Tandahimba masika: tope linagandia ndani ya rimu, likikauka ni tofali. Osha kwanza. Kubalansi rimu yenye tope ni kubalansi tope.

Sasa niseme kinachonikera. "Nimeshabalansi, bado." Umebalansi wapi, na rimu ilifungwaje? Mashine inapima kile ilichofungiwa. Koni, kile chuma kinachoishika rimu katikati ya mashine, ikiwa na mchanga, au tundu la katikati la rimu lina kutu, rimu inakaa nje ya kati kwa kiduchu, na mashine inakwambia sifuri ya uongo. Dai hivi: risasi za zamani (vile vipande vya uzito) zibanduliwe zote, tundu lipigwe brashi ya waya, koni ifutwe. Sifuri ikipatikana, fundi alegeze, azungushe rimu nusu duara juu ya mhimili, afunge, apime tena. Ikisoma zaidi ya gramu 10, sifuri ya kwanza ilikuwa mapambo. Na ujue mashine nyingi zinaficha chochote kilicho chini ya gramu 5 na kuandika 0.

Halafu tairi linarudi kwenye gari, na kazi yote inaharibika hapo. Gari linalolala Shangani au Mikindani linakula hewa ya chumvi. Uso wa habu unaota magamba ya kutu na rimu inakaa juu yake kama sufuria juu ya jiwe moja. Kwangua mpaka chuma king'ae. Rimu za spoti ndizo mbaya zaidi. Habu ya IST ni milimita 54.1, ya Noah na RAV4 ni 60.1, lakini rimu za dukani nyingi zina tundu la 67.1 au 73.1 ili zikubali magari mengi. Pengo hilo linahitaji pete ya kujazia. Bila pete, rimu inaning'inia kwenye nati, na kila ukiifungua na kuifunga inakaa mahali pengine. Ndiyo maana leo imetulia, kesho baada ya pancha inatetemeka.

Nati zifungwe kwa kuvukana, tairi likiwa hewani, kisha zikazwe chini kwa spana ya toki, inayopima nguvu ya kukaza: nyutoni-mita 103 kwa Toyota ndogo nyingi. Bunduki ya upepo inakaza moja mpaka inapiga kelele na nyingine nusu. Diski inapinda, baada ya muda breki nazo zinatetemeka. Zipime tena baada ya kilomita 50 hadi 100.

Kuna matairi yanayosoma sifuri kila mahali na bado yanatetemesha. Mengine ni mayai: weka boliti kwenye stendi karibu na kashata (uso wa tairi unaogusa barabara), zungusha tairi, pengo likicheza zaidi ya milimita 1.5 lizungushe tairi nusu duara juu ya rimu ulipime upya. Mengine ni magumu sehemu moja ndani, na mashine ya kawaida hailioni hilo kwa sababu hailibebeshi tairi uzito. Hapo nakiri ni kubahatisha, na bahati nasibu ya bei ndogo ni kuazima matairi manne ya gari kama lako yaliyotulia.

Alaimenti ina sehemu yake. Pembe mbovu za muda mrefu zinachonga kashata kama meno ya msumeno, na tairi hilo litatetemeka. Kuzinyoosha kunaokoa tairi lijalo, hili limeshakufa. Na Land Cruiser za ekseli nzima mbele, zinazopiga shimo kwenye 70 kisha usukani unapiga kofi kushoto na kulia mpaka usimame: angalia bushi za panadi rodi (fimbo inayozuia ekseli kwenda upande) na ncha za tai rodi (fimbo zinazogeuza matairi), halafu ndiyo pima kasta, pembe ya mhimili ambao tairi linageukia.

Baada ya kubadili vitu hivyo fanya alaimenti, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Ukipewa maneno matupu, umelipia kunyooshewa usukani.