Hiki ni cha nani, na kinasubiri nini?

Kazi yangu ni kuwapangia watu vitu vilivyowajaa ndani, ila haina jina zuri kwa Kiswahili. Nikisema mimi ni mpangaji, naulizwa natafuta chumba kimoja au viwili. Nikisema napanga nyumba, mtu anadhani nina nyumba ya kupangisha Nyegezi. Siku hizi nasema tu: vitu vikikushinda ndani, niite. Hapo kila mtu Mwanza ananielewa, na wengi hucheka kile kicheko cha mtu aliyefumaniwa.

Nilianza na ushauri wa mitandaoni. Ambacho hujakigusa mwaka mzima, kiondoe. Kishike mkononi, kisipokufurahisha, kitoke. Ulinishinda wiki ya kwanza. Ushauri ule umetungwa kwa ajili ya nyumba ambazo vitu vilivyomo ni vya mwenye nyumba. Kwetu vingi vimewekwa tu. Kuna cherehani ya shemeji, kuna godoro la kijana aliyehamia Dodoma, kuna sanduku la mpangaji aliyeondoka na kodi ya miezi miwili. Sasa umuulize mama wa watu kama cherehani ya shemeji inamfurahisha! Atakutazama mpaka uone aibu.

Aliyenifundisha swali sahihi ni mama mmoja wa mlimani Igogo. Nilifika nikapiga hodi, shikamoo mama. "Marahaba mwanangu, pita, ila usishtuke." Nikashtuka. Sebuleni kulibaki njia ya mtu mmoja, kutoka mlangoni hadi chumbani, nayo unapita ubavu. Kulia maboksi ya vigae yamefika dirishani. Kushoto cherehani, juu ya cherehani tivii ya chogo, juu ya tivii kiroba cha michembe ya viazi kutoka kijijini. Nyuma ya kochi, mifuko minne ya saruji.

Wanaozijua nyumba zetu za mlimani wanajua kwamba gari linaishia chini barabarani. Kila kilichomo ndani kilipandishwa kichwani au mgongoni, kikikatiza katikati ya mawe, na mbebaji akalipwa. Kitu cha namna hiyo hakishuki kirahisi, maana kabla hajakuangalia wewe, mwenyewe anakumbuka jasho lililokipandisha.

Basi sikugusa kitu. Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa, nikatoa daftari, nikaanza kunyoosha kidole. Hiki ni cha nani, mama? Na kinasubiri nini? Alijibu kimoja kimoja bila kusita. Vigae vyangu, vinasubiri nyumba ya Kisesa. Tivii yangu, inasubiri fundi. Cherehani ya shemeji yangu wa Sengerema, inamsubiri mwenyewe. Ile sufuria kubwa inasubiri shughuli. Kufikia saa sita mchana nilikuwa nimeelewa kazi yangu kuliko nilivyoielewa miezi yote iliyotangulia. Nyumba ile haikuwa na uchafu, ilikuwa stendi. Kila kitu kilikuwa abiria, na mabasi hayakuwa na ratiba.

Tangu hapo nafanya hivyo kwa kila mteja. Kazi inakuwa kujua nani anangoja kweli na nani basi lake lilishaondoka.

Vya ujenzi ndivyo vinavyochukua muda wangu mwingi, kwa sababu hapa tunajenga kidogo kidogo. Leo maboksi matano ya vigae, mwezi wa sita sinki, mwakani grili. Sina neno na hilo, ndiyo akiba yetu. Ila saruji haingoji. Mfuko ukikaa unavuta unyevu, na ukipita miezi mitatu hivi nguvu yake imeshapungua hata kama haujafunguliwa. Nyumba za mlimani ndizo mbaya zaidi, kwani masika maji hujipenyeza kwenye mwamba na ukuta wa nyuma unalowa. Kama ni lazima ikae, iinue juu ya mbao, iache nafasi ya kiganja kutoka ukutani, ifunike kwa nailoni, na ulioingia kwanza utoke kwanza. Fungua mfuko mmoja uchukue bonge ulifinye. Likivunjika kwa vidole, saruji bado ni nzima. Likigoma, hilo ni jiwe, na mawe Mwanza tunayo ya kutosha. Ile mifuko minne ya Igogo, mitatu ilikuwa mawe.

Vigae vinavumilia, lakini pembeni ya kila boksi kuna namba ya toleo. Iandike. Ukinunua vya kuongezea baada ya mwaka, jina litakuwa lilelile na rangi itatofautiana kidogo, na utaiona siku fundi ameshavibandika.

Vya fundi sina huruma navyo. Namwambia mteja ampigie fundi palepale, simu iwekwe spika. Fundi akitaja siku, tunaandika siku hiyo kwenye karatasi na kuibandika juu ya kitu. Siku ikipita, anaitwa mnunuzi wa skrepa. Tivii ya chogo mafundi wengi siku hizi hawaitaki hata bure, na ukweli huo mama aliupokea kwa fundi, si kwangu. Nilifurahi. Mimi sitaki kuwa mtu anayewaambia watu watupe vitu vyao.

Hapo kwenye skrepa niseme na kosa langu, kwa sababu lilinigharimu. Nyumba moja Mabatini nilitoa chupa ya chai iliyovunjika kioo cha ndani, ikaenda na mkokoteni wa vyuma chakavu. Jioni mwenye nyumba akaifuata jikoni. Pesa za kikoba zilikuwa mle, zimeviringishwa kati ya kioo na ganda. Tulizunguka kwenye mizani yote ya skrepa tuliyoijua mpaka giza likaingia, hatukuipata. Nililipa kwa awamu mbili. Leo hakitoki kitu mikononi mwangu bila kufunguliwa, kutikiswa na kupekuliwa, ikiwa ni pamoja na mikunjo ya mablanketi na makopo ya unga. Wake wa mji huu wana benki nyingi.

Kabati la vyombo vya wageni siligusi. Wageni wetu huja kweli, tena bila kupiga simu. Sufuria ya shughuli vilevile: inaweza kukaa miaka miwili, halafu usiku mmoja mtaa unapata msiba na ndiyo inayotafutwa. Ninachoshauri ni kwamba kina mama wa mtaa mmoja wawe na sufuria, sahani na turubai za kikundi, zikae nyumba moja yenye stoo. Haina maana nyumba sita zilizopangana kila moja ilaze sufuria la watu mia chini ya kitanda.

Kuna nyumba ambazo vitu huja na kuondoka kwa mwezi wa angani. Mteja wangu mmoja wa Kirumba ana mitumbwi ya dagaa. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikikolea mitumbwi inapumzika, na taa, betri na nyavu vinarudi nyumbani. Mkewe aliniita akilia na harufu. Waliompangia vitu kabla yangu walimjazia rafu kila ukuta. Mimi niliziondoa nusu, tukaacha upande mmoja wa stoo mtupu kabisa, na kulabu za kutundikia nyavu zipigwe upepo. Upande ule ukiwa wazi wiki kadhaa, mgeni anaweza kudhani umepotea bure. Karabai za zamani, za kabla ya taa za betri, tulizipeleka juu ya dari. Mzee alisema zinasubiri mjukuu azione, nikaandika hivyohivyo.

Ofisini mambo ni mepesi, karatasi hazina shemeji. Mwenye duka akiniuliza atunze nini, namwambia kumbukumbu za kodi zikae miaka isiyopungua 5, na risiti za EFD, zile za mashine za kodi ya serikali, azitolee kopi mapema, maana karatasi ile inafifia kwa joto mpaka inabaki nyeupe. Nimeona boksi zima la risiti tupu limetunzwa kwa heshima zote. Hati, barua ya toleo ya kiwanja na vyeti vya kuzaliwa viwe faili moja, sehemu kavu, isiyogusa ukuta wala sakafu, mchwa hawajui muhuri. Barua ya toleo ya Kisesa tuliikuta ndani ya mfuko wa rambo, katikati ya mirambo mingine iliyohifadhiwa tangu ilipopigwa marufuku Juni 2019. Mama alikuwa amekaribia kuichoma yote.

Ikabaki cherehani. Shemeji wa Sengerema kwa miaka alikuwa na udhuru mmoja: foleni ya kivuko. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025, udhuru huo umekwisha, na nilimkumbusha kwa adabu, simu ikiwa spika. Jumamosi akaja na kirikuu, akaiacha chini barabarani, vijana wawili wakaishusha cherehani kati ya mawe, mama akisimama mlangoni kuwaelekeza pa kukanyaga. Sebule ikapata ukuta. Vijana walipopanda tena, mmoja alikuwa na feni, mwingine viroba viwili vya mpunga. Shemeji akapaza sauti kutoka chini, "Dada, niwekee hapo kidogo, nitavipitia!"

Mama akaniangalia. Nikafungua daftari.